Kizibo Ndani ya Buti la Sajini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya wagonjwa wa ukoma pale Kasese, sikupewa sindano wala dawa. Muuguzi Mkuu, mama mrefu asiyecheka ovyo, alinipa beseni la maji ya uvuguvugu na kigoda. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nami nilikuwa binti kutoka Maliba, nimevaa gauni jeupe nililolipiga pasi mara mbili.

"Kabugho," akaniambia, "wewe utaanza na miguu."

Mzee mmoja mkulima akaketi mbele yangu. Nilipoinua mguu wake wa kulia niliona mwiba umezama katika unyayo, nyama imevimba pande zote. Nikapiga kelele kana kwamba umenichoma mimi. Mzee akanishangaa. Alikuwa ametembea nao kutoka shambani kwake bila habari.

Hapo ndipo Muuguzi Mkuu aliponifundisha somo la kwanza. Ukoma hauli vidole, kama watu walivyosema. Unaharibu neva, zile nyuzi za mwilini zinazopeleka habari ya maumivu. Mguu ukishakufa ganzi, mtu hukanyaga moto, huvaa kiatu kinachombana, hutembea juu ya kidonda mpaka kifike mfupani. "Vidonge vya dapsoni vinaua ugonjwa," alisema, "lakini havirudishi neva iliyokufa. Mguu huo utaangaliwa kwa macho kila siku, mpaka mwenyewe aingie kaburini."

Nilijifunza kupapasa neva ya pembeni chini ya goti na ile iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Zikiugua, huwa nene kama kamba. Nilijifunza kupima: mgonjwa anafumba macho, namgusa kwa ncha ya pamba, naye anaonyesha kwa kidole nilipogusa. Wengine walingoja tu, wakidhani sijaanza. Wapo pia ambao mguu huohuo wenye ganzi uliwaka kama umepakwa pilipili, wakataka kuukanda kwa maji ya moto. Hao tuliwapa vidonge vya maumivu na kuwakataza kabisa maji ya moto, maana wangeungua bila kujua. Kila mtu aliloweka miguu, akasugua ngozi ngumu kwa jiwe, akapaka mafuta. Viatu tulivishona wenyewe kwa tairi, na sponji ndani. Kwa uzi tu, msumari haukuruhusiwa.

Miaka ya sabini ilipoingia, Daktari wa Wilaya alinihamishia Bwera kuangalia kituo kidogo peke yangu. Wagonjwa walitoka milimani, na wengine walivuka mpaka kutoka Kongo. Asubuhi moja akaja mwanamke ambaye sikumjua, mke wa sajini katika kambi ya askari wa mpakani. Alikaa mpaka wengine wote wakaondoka.

"Dada, bwana yangu buti yake inanuka," akasema kwa sauti ya chini. "Soksi iko na usaha. Nikiuliza, anasema hakuna kitu. Na hapa mgongoni iko na baka, haisikii hata nikifinya."

Nilijua anachosema. Nilijua pia kwamba siku zile raia hakuingia kambini kwa kupenda. Nilifunga mfuko wangu, nikaenda.

Sajini Odongo alikuwa mtu mkubwa kutoka kaskazini. Alinipokea mlangoni pa nyumba yake, hakunikaribisha.

"Nani alikuita? Mimi ni askari. Mimi si mgonjwa wa ile kitu yenu."

"Sijasema ni kitu gani, afande. Nimeomba kuona mguu tu."

"Na nikikataa?"

"Nitakuja kesho. Na keshokutwa."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Sajini alimtazama, akaelewa nani amenileta. Nilidhani atampiga. Badala yake akakaa kwenye sanduku na kuanza kufungua kamba za buti, polepole sana.

Buti lilipotoka, kitu kikaanguka sakafuni kwa mlio mdogo. Kizibo cha soda. Kilikuwa kimekaa chini ya unyayo wake tangu alfajiri, akapiga nacho gwaride, akasimama nacho zamu nzima. Pale kilipokuwa, juu ya kidonda cha zamani, palikuwa na shimo la kuingiza kidole gumba. Sajini alikiokota, akakigeuza mkononi.

"Watanifukuza," akasema. "Watoto wangu watafukuzwa pamoja na mimi."

"Mguu ukikatwa, watakufukuza pia. Ukinisikiliza, nitauponya."

Tiba yake ilikuwa mguu kuvikwa plasta ngumu wiki sita, asiukanyagie, pamoja na vidonge ambavyo angemeza kwa miaka. Lakini askari hakai wiki sita bila ruhusa. Nikaenda kwa Kamanda wa kambi.

"Wewe mama, umekuja kunifundisha kupanga askari yangu?"

"Hapana, afande. Sajini ana kidonda kinachokaribia mfupa. Naomba akae kwenye kiti wiki sita. Mikono yake ni mizima, anaweza kuandika daftari la lango."

"Kidonda cha nini?"

"Cha kukanyaga kitu ndani ya buti, afande."

Huo ulikuwa ukweli, ingawa haukuwa wote. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kamanda akamwita karani wake. "Peleka Odongo langoni. Na kiti."

Nilikata plasta ile wiki ya sita. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi mpya ya waridi. Sajini alilia, na mkewe akatoka nje kumwachia nafasi. Baadaye alihamishwa, nami sikumwona tena, lakini alipokuwa Bwera alivua buti kila jioni, mkewe akakagua kwa taa.

Sasa nimestaafu. Vijana wauguzi wana dawa bora kuliko zetu, nami nafurahi. Ila miguu yangu mwenyewe imeanza kufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari. Nilipoambiwa, nilinyamaza siku mbili, sikumwambia mtu. Mimi, Kabugho! Siku ya tatu nilimwita mke wa mwanangu, nikamnyooshea miguu. Aliona haya kumshika mama mkwe.

"Shika, mwanangu," nikamwambia. "Tazama kila kidole. Ukiona jeraha, usinifiche."