Upole wa Clement

Kwa miezi sita Lea wa Mlandege alitembea kifua mbele kwa upole wa mwanawe. Akienda kusaga mahindi, mashine ilinguruma na Clement akalala fofofo mgongoni, huku Adamu, mtoto wa jirani yake Kudra, akipiga mayowe.

"Mama Clement, huyo unamlisha nini? Wangu atanitoa roho!"

"Ni malezi, mwenzangu," Lea alijibu.

Siku moja, wakisubiri unga, mashine ilizimwa. Watoto walikuwa wamekaa juu ya khanga. Kudra aliita kutoka nyuma, "Adamu!" Mtoto akageuza shingo, akacheka. Lea naye akamwita wake, akarudia, akagonga debe. Clement aliendelea kutazama kuku.

Lea alimwonea Kudra wivu. Aliyaonea kijicho hata yale mayowe aliyokuwa akiyacheka.

Clement alizaliwa kimya, amelegea, na ilichukua muda kumpulizia hewa hadi akalia. Mkunga alisema arudishwe kupimwa masikio, maana mtoto aliyekosa hewa akizaliwa huweza kupoteza usikivu. Lea hakwenda. Mtoto mpole vile, apimwe nini?

Asubuhi iliyofuata alimbeba mgongoni, akatoka.

"Mapema hivi, wapi?" Kudra aliuliza, akimbembeleza Adamu aliyekuwa akilia.

Lea alitaka kusema sokoni. Akamtazama yule mtoto.

"Hospitali, kumpima masikio. Na huyo wako mwache alie, mama Adamu. Hujui ulichopewa."