Saluni ya Kuoshea Kidonda

Nawaambia mwenyewe kwa sababu najua mtaambiwa. Watu waliokuwa kwenye foleni asubuhi ile walikuwa wengi, nusu yao nawajua kwa sura, mmoja anaimba nami kwaya, kwa hiyo aibu hii haina pa kujificha. Afadhali muisikie kwangu nikiipunguza pale ninapoweza (ingawa nikiipunguza sana hakutabaki kitu cha kusimulia).

Mnajua mimi ni fundi wa kuchomelea. Milango mingi ya hapa Munyaka ni kazi ya mikono yangu, cheche zinanirukia kutwa nzima na mimi napangusa tu na kuendelea, na sauti yangu mnaijua, ile ya chini kabisa kanisani inayotikisa vioo. Mtu wa namna hiyo hakuna anayemtarajia apige kelele mbele za watu.

Binti yangu Nasimiyu ana miaka mitano. Alimwagikiwa na chai ya moto pajani, na kidonda kikawa kikubwa, si cha kupaka dawa ya dukani. Hospitali wakamfunga bandeji na kusema awe anarudishwa kuoshwa. Mara ya kwanza alienda na mama yake, na siku hiyo walimshika mikono na miguu, mama yake akiwa mmoja wa waliomshika, akalia mpaka sauti ikakauka. Alivyorudi nyumbani hakutaka mtu aguse hata blanketi lake. Akiona koti jeupe, hata la muuza nyama, anajificha nyuma ya kochi. Na daktari alikuwa ametuonya kwamba akipigana vile tena, ile ngozi mpya itachanika, na itabidi awe anapelekwa tieta, kule kwa upasuaji, kulazwa usingizi wa dawa kila anapooshwa. Mtoto mdogo vile. Mimi na mama yake hilo lilitunyima raha kabisa.

(Na tusidanganyane, woga huo tuliupanda sisi wenyewe. Ni nani kati yenu hajamwambia mtoto anayekataa kula, "Ngoja nimwite daktari akudunge sindano"? Kwangu sindano imemaliza sahani nyingi za sukuma wiki.)

Sasa zamu ya pili ikaniangukia mimi, kwa sababu mama yake anauza viazi na alikuwa ameenda Timboroa kuvichukua. Akiwa mlangoni aliniambia, "Baba Nasimiyu, yule sista wa kuosha vidonda alisema mtoto aambiwe ukweli. Mwambie mnaenda kuosha kidonda. Usimzungushe." Nikasema sawa. Lakini alipoondoka nikamwangalia mtoto anavyokunywa uji wake bila wasiwasi, nikaishiwa nguvu, na mdomo wangu wenyewe ukasema, "Mama, leo tunaenda kusukwa." (Namwita mama kwa sababu nilimpa jina la mama yangu.)

Ni hayo tu niliyosema, na mengine yote yalitoka hapo.

Alifurahi, jamani. Akatafuta kitana, shanga zake na mafuta ya nywele, akatia vyote kwenye kimfuko chake, tukapanda boda. Tulipofika akaangalia juu na kusema, "Saluni hii iko na geti kubwa." Nikamwambia ni ya kisasa. (Safari zilizopita alibebwa kafunikwa leso, hakuona njia.) Askari wa getini akauliza mgonjwa ni nani, nami nikamkonyeza mpaka jicho likaniuma, nikasema, "Tumekuja kusukwa." Yule askari ni mtu mwema, akanitazama, akamtazama mtoto anavyochechemea, akasema, "Saluni ni moja kwa moja, halafu kulia." Basi uongo wangu ukapata mwenzake.

Nje ya chumba cha kuoshea vidonda kuna benchi ndefu ya chuma, na ilikuwa imejaa. Nasimiyu akawasalimu wote, kisha akauliza, "Na nyinyi mmekuja kusukwa?" Mimi nimesimama nyuma yake, nimekunja mikono kama mtu anayeombea chakula, nawasihi kwa macho. Mama mmoja mzee aliyetoka Chepsaita, mguu wake umefungwa mpaka gotini, akajibu bila kusita, "Eeh, mjukuu wangu. Mimi nataka zile ndogo ndogo, zifike mgongoni." Wafula, yule mwenzangu wa kwaya, ambaye kichwani hana unywele hata wa dawa, akasema yeye amekuja kupunguza tu. Foleni nzima ikageuka saluni, watu wanasifu mitindo, na nakiri kwamba nilianza kujiona baba mwerevu sana.

Ndipo mlango ukafunguka kidogo na sauti ya mtoto ikatoka ndani, analia, "Mama waambie waache."

Nasimiyu akageukia mlango. "Baba, huyo anasukwa?"

Hata Wafula alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Baba. Huyo anasukwa?"

Nikasema, "Nywele zake ni ngumu."

Punde wale wa ndani wakatoka, na nyuma yao sista mwenye koti jeupe akauliza Nasimiyu ni nani. Mtoto aliangalia koti, akaangalia kitana mkononi mwake, akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia, "Umenidanganya." Kisha akaingia chini ya benchi mpaka ukutani, akakumbatia mguu wa benchi na kuanza kupiga mayowe kwamba baba ni mwongo.

Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nilipiga magoti nikaingia kumfuata, kichwa kikapita, mabega yakapita nusu, na hapo nikakwama. (Benchi imefungwa sakafuni kwa bolti, kazi safi, hata mimi ningeifunga hivyo hivyo.) Ikabidi watu wote wainuke, pamoja na yule mama mwenye mguu mbaya. Upande wangu uliobaki nje mnaujua ni upi. Huku ndani mtoto anapaza sauti, "Baba ni mwongo," na mimi nanguruma, "Toka, mama, toka," mpaka watu wa maabara wakaja kutazama. Wafula na kijana mmoja walinivuta miguu, nikatoka na vumbi lote la chini ya benchi ile.

Sista hakucheka (bado). Aliketi sakafuni pale nilipotolewa, akanyoosha miguu, akasema, "Nasimiyu, mimi naitwa Sista Jebet. Hapa si saluni. Ni hospitali. Nataka kuosha kidonda chako."

Mayowe yakapungua. "Itauma?"

"Nikitoa bandeji itauma. Nikimwaga maji itawasha, halafu itapoa. Sitaki mtu akushike kwa nguvu leo. Ukiinua mkono, nasimama. Ukisema endelea, ndiyo naendelea."

"Baba alisema kusukwa."

"Baba aliogopa."

Nilitaka kukataa, lakini nilikuwa natema vumbi.

Halafu sauti ikatoka kule chini, "Anza na baba."

Basi tukaingia, mlango ukarudishwa nusu. Sista akampa Nasimiyu kichupa cha maji ya sabuni na kijiti chenye pete, vile vya kupuliza mapovu, akamfundisha kuvuta pumzi taratibu na kupuliza taratibu. Kisha akanibandika plasta pana kwenye muundi wa mguu, mahali ambapo Mungu hakuninyima nywele. Mwanangu akanitazama usoni akasema, "Ukiinua mkono, nitasimama." Akavuta.

Sauti iliyonitoka siwezi kuwaigizia hapa. Huko nje nikamsikia yule mama wa Chepsaita akiuliza, "Ni yule mtoto?" na Wafula akamjibu, "Hapana, hiyo ni besi."

Niliinua mikono yote miwili. Na Nasimiyu akasimama. Hilo ndilo lililoanza kunishangaza, kwa sababu plasta ilikuwa nusu na mtoto yeyote angemalizia kwa raha zake, hasa mtoto niliyemdanganya asubuhi hiyo. Yeye aliachilia vidole, akanisogezea kijiti mdomoni. "Puliza kwanza, baba." Nikapuliza. Alisubiri mpaka mimi mwenyewe nikasema endelea.

Ikafika zamu yake. Nilimpakata, mgongo wake kifuani kwangu, na Sista akaanza kulowesha bandeji na kuifungua polepole. Mkono mdogo ukainuka, Sista akasimama. Nasimiyu akapuliza mapovu, machozi yanamtiririka bila sauti, akasema, "Endelea." Mkono ukainuka tena. Akapuliza. "Endelea." Moyo wake nilikuwa nausikia ukigonga kwenye mkono wangu, unagonga sana, kwa hiyo msidhani woga ulikuwa umemtoka. Woga alikuwa nao wote. Aliogopa na akasema endelea, mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, na mimi nilikaa pale nikijiuliza nguvu hizo amezitoa wapi mtu asiyefika kiunoni kwangu. Nimefanya kazi na wanaume wanaochubuka kidole na karakana nzima inapata habari. Kipande cha mwisho kilikuwa kimegandia. Akasema, "Hicho nitatoa mimi." Akakitoa, kidogo kidogo, kwa vidole vyake.

Ngozi haikuchanika. Sista aliangalia akasema kidonda kinapona vizuri, hakuna mambo ya tieta. Nikamshukuru Mungu, na kwa furaha ile nikafanya kosa la kuinamisha kichwa na mimi nione.

Kilikuwa chekundu, kinang'aa. Mimi ninayetazama chuma kikiyeyuka niliona chumba kikiwa cheusi pembeni, nikamsikia Sista akisema, "Nipe mtoto, nipe mtoto," nikampa, na baada ya hapo sijui.

Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya kitanda cha watoto, kile kilichochorwa twiga ubavuni, miguu inaning'inia nje. Mlango ulikuwa wazi kabisa na vichwa vya foleni vimejaa. Nasimiyu, bandeji mpya pajani, ameketi kwenye stuli amenishika kidole kimoja. Ananipulizia mapovu usoni. "Pumua, baba," akasema. "Itapoa." Povu moja likapasuka puani kwangu.

"Sasa mgonjwa ni nani hapa?" akauliza yule mama, na hapo ndipo Sista Jebet alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikalia. Wafula atawaambia nililia kwa aibu na mimi simkatazi, lakini haikuwa hivyo. Huyu ndiye mtoto aliyeshikwa mikono na miguu ndani ya chumba hicho hicho, na mimi nikaja kumwongezea uongo juu yake, na bado hakunilipiza. Alinishika kidole kimoja tu, nami ningeweza kukitoa wakati wowote. Sijawahi kumwona mtu mkubwa kuliko yule, na nimekaa karibu na wachungaji wengi.

Mama yake alipotoka Timboroa alisimuliwa yote na mhusika mwenyewe, pamoja na ile sauti ya plasta, ambayo mtoto anaiiga vizuri kunishinda. Na nimejiapiza kwamba safari ya hospitali sitaiita jina jingine tena, hata nikishindwa kumeza chai yangu asubuhi hiyo.

Juzi siku ya kuoshwa ikafika tena. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia, "Mama, leo tunaenda hospitali. Watatoa bandeji."

"Itauma?"

"Itauma."

Akafikiria. "Utakuwa na mimi?"

"Nitakuwa na wewe."

"Utaanguka?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia, "Sijui."

Akatikisa kichwa kukubali, akanipa mkono, tukaenda.