Pete ya Nailoni ya Kinu cha Mama Godelive

Mwezi wa sita mwaka 2003, vita vilikuwa vimeuacha mtaa wa Papa Vital mjini Bunia na nyumba tupu tu. Mke wake Véronique alikuwa ametangulia na watoto kwenye barabara ya Beni, pamoja na majirani. Vital alibaki kumzika mama yake. Alipomaliza, barabara ilikuwa imefungwa. Vital alikuwa fundi wa mashine. Sasa alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama, akaongea peke yake ili nyumba isikie sauti.

Asubuhi moja Mama Godelive alibisha hodi. Kinu chake cha mazutu, yaani dizeli, karibu na kambi ya wakimbizi, ndicho pekee kilichokuwa bado kinasaga upande ule. Mkononi alishika pete ya nailoni iliyopasuka, ile inayounganisha mota na kinu.

“Papa Vital, watu wanakula mahindi mazima kama kuku. Pete ingine haipatikane.”

Vital alikusanya pete kuukuu, akazikatakata, akazianika juani, akaziyeyusha ndani ya mkebe wenye kifuniko. Nailoni ikawa nzito na angavu kama asali. Akaibana ndani ya kalibu ya chuma. Mama Godelive alikuwa na haraka, basi Vital akaitumbukiza majini ipoe. Ilitoka ikiwa angavu, inapendeza. Kesho yake ilifungwa kwenye kinu; kabla ya jua kuwa kali, joto la mota lilikuwa limeikunja.

“Weye ulisema iko muzuri!”

“Ilipoa mbio, mama. Nailoni iko nyuzi ndefu. Ikiyeyuka, zinatangatanga. Ikipoa polepole, zinapata wakati wa kujipanga moja kando ya ingine, ndiyo inakuwa nguvu. Mimi niliinyima wakati.”

Mara ya pili alifukia kalibu kwenye majivu ya moto, akaweka jiwe juu, kwa sababu nailoni hujikunyata inapoganda. Mama Godelive aliketi akingoja. Alizungumzia ng’ombe wa baba yake, akachambua maharage, akacheka. Muda mrefu hapakuwa na mtu aliyeketi katika ua ule. Vital aligusa majivu, akatamani yasipoe.

Pete ilitoka nyeupe kama maziwa, ngumu. Kinu kikanguruma, watu wakapanga mstari. Vital akabaki pale, akimuuliza kila mtu kama amemwona Véronique.

Mwanamke mmoja wa Bambu, Prudence, akashusha gunia lake.

“Niliachana naye Oicha, njia ya Beni, mimi nikarudi kwa kupita porini. Watoto wako wazima. Lakini, papa, walikwisha kukulilia. Waliambiwa ulikufa.”

“Alilia?”

“Sana.”

Vital akaitika kwa kichwa, akamsaidia kumwaga mahindi. Jioni alirudi kwake na hakuongea hata peke yake.

Barabara ilipofunguka, alienda Oicha. Alimkuta Véronique sokoni, mbele ya mafungu ya mihogo. Mke wake alimkazia macho, akamshika mkono, akaugeuza huku na huku.

“Umekonda,” akasema.

Mtoto wao wa mwisho alijificha nyuma yake, akakataa kumsalimia.