Ukuta Mkavu wa Mama Spana

Walipomwambia mwanamke hawezi kuwa fundi bomba, Mama Spana alinunua spana kubwa kuliko za mafundi wote mtaani. Ubishi huo ulimlisha miaka ishirini na sita. Sasa, akiwa na miaka hamsini na moja, ulikuwa mbioni kumzika.

Dada yake mkubwa alikuwa amefariki kwa saratani ya utumbo mpana. Nesi wa zahanati hakumficha.

"Wengine wanaweza kuanza na kipimo cha choo. Wewe, kwa ajili ya marehemu dada yako, nenda moja kwa moja kwenye kamera."

"Kamera ipite wapi?"

"Unapajua."

"Thubutu! Nipe kikopo."

Majibu ya kikopo yakaonyesha damu. Mama Spana, kichwa kigumu kama jiwe, akaenda kupima tena kwingine, na safari hii damu haikuonekana. Akarudi kwa nesi ameinua karatasi juu kama aliyeshinda kesi.

"Haya, soma! Safi!"

Nesi akasoma, akaikunja. "Unakumbuka jiko langu?"

Angelisahau vipi? Ukuta wa jiko lile ulilowa siku mbili, ukakauka wenyewe. Nesi alimsihi asivunje vigae vyake vipya. Mama Spana akamjibu kwamba ukuta mkavu si ushahidi, akashika nyundo. Ndani, bomba lilikuwa limeoza.

"Uvimbe nao huvuja damu leo, kesho usivuje," nesi alisema. "Vigae vyangu ulivunja. Leo unaniletea ukuta mkavu, mimi?"

Mama Spana aliogopa, na hofu ile ilimkasirisha.

"Basi nitakwenda. Lakini hakuna kunilaza usingizi. Bomba ni langu, nataka nilione mwenyewe."

Dawa ya kusafisha tumbo aliinywa akiitukana kila glasi. Kesho yake alilala ubavu, macho kwenye skrini. Daktari akakuta vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo, akavikata palepale. Maabara ikasema kimoja kilikuwa kimeanza kubadilika, ila hakijawa saratani.

Siku alipopewa majibu hayo alilia njia nzima, akimlilia dada yake, ambaye hakuna aliyemvunjia ukuta. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mdogo wao wa kiume, yule aliyekuwa akisema mambo haya ni aibu tupu.

"Dada, mbona mimi siumwi popote?"

"Marehemu naye alisema hivyohivyo," alisema Mama Spana. "Vaa viatu."