Mfalme wa Misri Aitikia Salamu

Jirani yangu Selemani, mtu wa Tanga, ni mlinzi kwenye maonyesho ya makaburi ya wafalme huko Randburg. Mbele kuna piramidi ya mbao, nyuma askari wa udongo wa mfalme wa China. Maiti hakuna hata mmoja, vyote vya kuigiza. Hata hivyo, kila asubuhi Selemani huwasalimia watu wa makaburi kwanza, kama tulivyolelewa, ndipo afungue mlango. Nilimwambia anasalimia plasta. Akanijibu kwamba plasta haijawahi kumlalamikia.

Juzi mfalme wa Misri alivunjika shingo wakati wa kufagia. Watu walikuwa tayari mlangoni, basi bosi akamwomba Selemani azungushiwe bendeji, alale yeye jenezani. Alikubali kwa sharti moja: alazwe ubavu wa kulia, aelekezwe Kibla.

Mchana akaingia Jumbe, fundi wa friji kutoka Unguja. Alipoliona jeneza aliinamisha kichwa.

"Assalaam alaykum, yaa ahlal kubuur."

Selemani hawezi kuacha salamu bila jibu, ni wajibu.

"Waalaykum salaam," akasema mfalme wa Misri.

Jumbe alitoka mbio, akaangusha nusu ya jeshi la China.

Leo foleni imefika barabarani, na bosi anamsihi Selemani aitikie tena. Amekataa katakata.

"Niitikie nini?" ananifokea mimi. "Wanaingia makaburini kimya kama ng'ombe."