Upako wa Bunduki

Wiki iliyopita, wakati wa chakula kule ghalani Smithfield, huku ughaibuni, mfanyakazi mwenzangu alinionyesha kwenye simu bunduki yake ya kuwindia sungura, aliyoifungia magazini ya kuchomoa, kile kikasha cha risasi. Alitabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Nikamkumbuka baba mdogo.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, gereji yetu ya Quakers Hill ilinuka mafuta ya mashine na vumbi la mbao. Baba mdogo, ndani ya nguo za mabaka kama za jeshi, alikuwa akikwangua mbao za bunduki yake kwa tupa, kwa sababu magazini mpya haikutaka kuingia. Mimi nilidhani ninamtazama shujaa. Sikujua bado kwamba kule Kongo tulikotoka, risasi zilipolia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujificha chini ya kitanda.

Hatimaye ikakaa. Akamwita mama. "Shemeji, lete mafuta ya upako tuiombee."

Kwetu kila kitu kipya kiliombewa: gari, friji, hata sofa.

Mama alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kitenge. "Miaka yote nimemwomba Mungu hiyo kitu isinione," alisema. "Leo nimwombe inione vizuri?"

Nilidhani imani ya mama imepoa, nikamwonea haya.

Baba mdogo akaomba peke yake, kwa sauti ya mkutano wa injili, bunduki ameiinua juu. Kabla ya amina, magazini ikachomoka ikamwangukia mguuni.

Mama hata hakucheka. Alirudi jikoni kugeuza sombe lake la majani ya muhogo.