Kisu cha Krismasi

Kila Krismasi, watu wa Kibosho wanaporudi kutoka mijini, Mzee Evaristo huzunguka nyumba kwa nyumba akichinja mbuzi, kisu kikining'inia kiunoni. Mwaka huu polisi alimsimamisha barabarani.

"Shikamoo, mzee. Kutembea na kisu hadharani bila sababu halali ni kosa."

"Marahaba. Naenda kuchinja."

"Basi kifunge kwenye mfuko. Nikikukuta umelewa nacho, hiyo sababu sitaisikiliza."

Alichinja mpaka mgongo ukagoma. Nyumba ya mwisho, Mama Flavia akamletea kata ya mbege, haki ya mchinjaji. Evaristo aliitazama pombe, akautazama mfuko wenye kisu, kisha akamkabidhi mama mfuko.

"Kikae kwako. Anayetaka kuchinjiwa kesho akibebe mwenyewe. Mimi nimechoka kutoa sababu."

Akanywa.